Rambo 200 Kwenye Kamba

Usije ukaanika rambo 200, ile mifuko ya plastiki, kwenye kamba ya wapangaji, hata kwa bahati mbaya.

Mimi nilianika. Nilikuwa nafuma Mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam. Ndiyo, mto wenyewe, toka vilima vya Pugu hadi unapoingia baharini pale Salenda, kwa taka zilizotoka humohumo mtoni. Rambo unaikata kwa kuzunguka kama unamenya chungwa, unapata uzi mrefu, halafu sindano ya kroshia inaanza kazi. Nyeusi ndiyo maji. Mikoko niliishona kwa vipande vya vitenge nilivyookota kwa fundi cherehani. Iliyokatwa nikaiwekea visiki vya kiroba cha mchele. Ila rambo sharti uzifue kwanza, maana za Msimbazi zina harufu ya kukuhamisha kabla kodi haijaisha.

Saa tatu asubuhi uwani kunapepea kama kampeni. Akaja mama wa maandazi, anageuka nyuma kila hatua.

"Mwanangu, hizi za bluu unauzaje?"

"Siuzi, mama."

Akanikonyeza. "Najua huuzi. Nifungie 20."

Nusu saa baadaye wateja wanne wamekaa kwenye ndoo wananisubiri, na nyuma yao mwenyekiti wa mtaa na mgambo.

"Kijana, kiwanda umefungua lini? Hii mifuko marufuku tangu Juni 1, 2019! Kukutwa nayo tu, faini inaanzia shilingi 30,000."

Nikapiga hesabu: 30,000 mara 200. Milioni sita! Magoti yakaniishia nguvu.

"Shikamoo mzee. Hii ni sanaa."

"Hata bangi wanasema dawa."

Akatoa daftari aandike jina langu. Daftari na muhuri wa mtaa alikuwa amevifunga ndani ya rambo, visilowe. Mgambo akatazama mawinguni. Mimi nikatazama ndala zangu.

Nikakimbilia ndani, nikauleta mto wangu, nikautandaza kwenye mkeka. Mita tatu nzima. Mwenyekiti akavaa miwani, akachuchumaa, akaufuata kwa kidole polepole, akapita bonde la Jangwani, akapita vibanda. Kidole kikasimama.

"Hapa si ndo kwetu?"

"Ndo kwetu, mzee."

"Na hii nyumba?"

"Ya mama mwenye nyumba wangu."

"Ya kwangu iko wapi?"

Nikakohoa. Pale kwake nilikuwa nimeshona rambo nyeusi tupu.

"Umenizika jalalani?"

"Siyo jalala, mzee. Hayo mafuriko."

Akanyamaza. Kisha akatoa muhuri akampa mgambo ashike, daftari akalibana kwapani, na ile rambo akaikung'uta mara mbili, akanikabidhi. Ya bluu.

"Bati zangu ni za bluu," akasema. "Na antena usiisahau."

Mama wa maandazi bado ananidai zake 20.