Stima ya Jirani na Hofu Zetu

Tangu gridi ya taifa izimike tarehe 6 Septemba 2024, nimesikia hoja moja ikirudiwa sana hapa Kisumu: kununua umeme Ethiopia na Uganda ni kuwakabidhi wageni swichi yetu. Si hoja ya kupuuza. Mkataba wa Ethiopia ni wa miaka 25, umeme wenyewe unategemea mabwawa, na mvua ikikosekana huko ni sisi tutakaolala gizani.

Lakini siku ile ilikwendaje? Megawati 488 zilipotea. Iliyotangulia kukatika ni laini yetu wenyewe ya Loiyangalani, inayoleta umeme wa upepo wa Turkana, ikiwa imebeba 288. Ya Ethiopia, yenye 200, ilifuata. Wizara ya Nishati ilizitaja namba hizi hadharani, ila mitaani imebaki ile 200 peke yake. Sehemu kubwa ya pengo ilikuwa yetu! Isitoshe, laini zote mbili huishia kwenye kituo kimoja cha umeme, Suswa. Basi ugonjwa ni kurundika mzigo mkubwa mahali pamoja, na dawa yake ni kuwa na milango mingi: kituo cha Isinya kwa umeme wa Tanzania, cha Lessos kwa ule wa Uganda unaopitia Tororo.

Huu wa Tororo ndio unaotugusa sisi wa magharibi. Umeme wa bwawa la Jinja umekuwa ukivuka mpaka tangu miaka ya 1950. Olkaria, unakozalishwa umeme wa mvuke wa ardhini, ni mbali, na ingawa laini ya kuja Kisumu kupitia Lessos imetupunguzia adha, bado kuna jioni ambapo taa hufifia hadi rangi ya chai. Jirani asipotusaidia, tegemeo letu mojawapo la karibu ni mitambo ya Muhoroni, ambayo huchoma mafuta. Mafuta hayo nayo hayachimbwi Muhoroni. Hushushwa melini Mombasa. Anayeogopa umeme wa kigeni ameyasahau.

Majuzi sokoni Kibuye stima ilipotea tangu saa nane mchana. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amefunika friza yake kwa magunia. Aliinua kifuniko kidogo, akambonyeza ngege mmoja kwa kidole, akafunika upesi. "Ikifika saa tatu haijarudi, hawa nawauza kwa bei ya hasara," akaniambia.

Ninapokubaliana na wanaopinga ni kwenye mikataba. Iwekwe wazi, isomwe na mwananchi, na ieleze fidia atakayolipa jirani akishindwa kutuletea umeme alioahidi. Hilo wanalidai kwa haki, nami nalidai pamoja nao. Kukata nyaya za Tororo, hapana.