Divai ya Magugu, na Tembo la Rabai

Mwezi huu wa Aprili malisho ya Yorkshire yote ni manjano. Ni dandelioni, gugu ambalo Waingereza wengi hulinyunyizia dawa lisiwaharibie bustani. Bibi kizee jirani yangu yeye hulitengenezea divai. Hulichuma jua likiwaka, maana likikosa jua hujifumba. Kisha huketi mlangoni, ananyofoa petali na kutupa majani ya kijani yaliyoshika ua, kwa kuwa yana uchungu, mpaka vidole vinageuka rangi. Humwagia maji yanayochemka, akaongeza sukari, malimau na hamira, halafu hungoja miezi. Amenipa glasi ya mwaka jana. Tamu, wallahi. Na bado nilirudi nyumbani kwangu nimekasirika.

Nimekasirika kwa sababu huyu bibi hana wa kumkimbia. Sheria ya Uingereza inamruhusu kutengeneza divai ya kunywa nyumbani bila leseni, na majirani wanamsifu kwa kutunza mambo ya wazee wake. Mjomba wangu wa Rabai, kule Kilifi Kenya, naye? Alikwea mnazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, akikata ncha ya karara kipande chembamba kama karatasi ili utomvu usikome. Hakutia sukari wala hamira. Asubuhi tembo, yaani pombe ya mnazi, ni tamu, jioni limekuwa kali, likilala sana ni siki ya kupikia. Usafi gani unautaka zaidi ya huo? Lakini akisikia pikipiki ya askari, kibuyu kilikuwa kinafichwa kichakani.

Najua mtasema: huyo kashiba Ulaya, sasa anatudharau. Sidharau. Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, na ninayemtetea ni mtu wetu. Mtasema pia kwamba hata huku kuuza kunataka leseni. Kweli, tena ni haki. Ila leseni ya huku haimfanyi mtu mwizi kwa kibuyu cha kadzama, tembo la kimila, anachopelekea wakwe. Sheria yetu ya Kenya ya 2010 ilifuta marufuku ya chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, tukashangilia, kisha masharti yakaandikwa kwa kufikiria viwanda na chupa. Tembo bichi ukilifunga kwenye chupa linaendelea kuchacha mpaka chupa ipasuke! Aliyewahi kukaa mangweni, kwenye vilabu vya tembo, anajua hilo.

Ndugu zangu Waislamu mnaoliona haramu, nawaheshimu, na sijapata kumbishia hodi mtu nikiwa na kibuyu. Na wewe unayesema mnazi ndio uliowamaliza vijana wa Pwani, nenda Kisauni uulize akina mama. Watakutajia unga wa kulevya, watakutajia vile vichupa vya bei ya chini vya dukani, tena vyenye stempu ya serikali. Mgema hawatamtaja kwanza. Basi kaunti zetu zikikaa kuandika kanuni za pombe, wagema wa Rabai na Kaloleni waketi mezani, waulizwe tembo linakaa saa ngapi kabla ya kuharibika, na kanuni ianzie hapo.