Kipupwe Hiki Twendeni Sekenke, Ila Shimoni Tusiingie

Mwezi wa sita ukigota, Dodoma huvaa masweta. Bodaboda wanafunga makoti mpaka kidevuni, upepo wa kusi unatimua vumbi kutoka Nzuguni hadi Mkonze, na wenye magari ya porini wanaanza kutumiana ramani. Zamani safari za kipupwe zilikuwa zilezile: michoro ya Kolo kule Kondoa, Swagaswaga, au Ruaha kwa wenye mfuko mnene. Sasa mtindo umehamia kwenye migodi ya zamani. Msafara wa Land Cruiser za mkonga na Land Rover 110, mahema juu, jiko la gesi nyuma, na kesho yake watu wanapigana picha wakizama kwenye shimo lililochimbwa enzi za Mjerumani.

Mimi naunga mkono safari yote isipokuwa hicho kipande cha mwisho. Twende, tulale huko, tule vumbi. Shimoni tusiingie. Na wenzangu wakidhani nasema hivyo kwa woga tu, basi wamesikia nusu ya hoja.

Kwa uzuri wa safari sina ubishi. Kipupwe ndio wakati wake. Masika mbuga za Wembere ni tope jeusi linalomeza gari mpaka milangoni, na winchi haina hata mti wa kushika. Ikifika Julai tope hilo limekauka na kupasuka nyufa, nyasi zimelala, na kutoka juu ya mlima Sekenke unaliona bonde lote mpaka macho yachoke. Ukipitia upande wa Manyoni na Itigi jiandae kwa vichaka vya miiba visivyo na huruma na tairi, na kwa mbung'o, ambao hufuata gari linalotembea kama vile wameitwa. Funga vioo, vumilia joto.

Halafu kuna historia, ambayo kwangu ndiyo inayolipa mafuta. Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, dhahabu iligunduliwa mwaka 1907, na 1909 Wajerumani wakaanza kuchimba. Waingereza nao wakaja wakachimba, hadi mgodi ukafungwa 1959. Kati ya hapo ikaingia Vita Kuu ya Kwanza. Njia ya bahari ilipofungwa, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikaishiwa sarafu. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, wakagonga sarafu za rupia 15: upande mmoja tai wao, upande wa pili tembo na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, mambo yakaishia hapo. Leo sarafu moja ya namna hiyo huuzwa minadani kwa maelfu ya dola. Pale ilikochimbwa dhahabu yenyewe sikukuta hata kibao cha kumwambia mgeni kwamba amefika mahali.

Kuna na kisa cha reli, ambacho wenye magari ya porini wangekipenda kama wangekijua. Miaka ya 1930 lilijengwa tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Miaka ya 1940 likang'olewa. Mtu anayepata raha ya kusoma ardhi, kutafuta tuta la zamani na kukisia treni ilipita wapi, ana kazi ya kutosha hapo bila kuinamisha kichwa kwenye shimo lolote.

Sasa shimo lenyewe. Watu wengi wanaogopa kuporomokewa, na wana haki ya kuogopa, lakini kinachoua kimyakimya ni hewa. Mbao zilizoachwa chini huoza, na mawe yenye salfa yakikutana na unyevu hubadilika polepole, na vyote viwili hula oksijeni. Hewa inayobaki haina harufu wala rangi. Mtu anashuka, magoti yanalegea, anakaa chini kama aliyechoka. Mwenzake anamkimbilia. Wanakuwa wawili, na wa tatu anavua koti ashuke. Kuna anayekwambia atatangulia na mshumaa. Mshumaa huzimika oksijeni ikishuka kufikia karibu asilimia 16, wakati hewa ya kawaida ina karibu 21, hivyo kwa hilo unaweza kukuonya. Monoksidi ya kaboni, gesi ya moshi wa injini, mshumaa hauioni kabisa. Kama kuna aliyewasha pampu ya petroli huko ndani, mshumaa utaendelea kukuangazia vizuri huku wewe unalala.

Popo nao si mapambo ya video. Wachimbaji wa dhahabu wa Durba, Kongo, kati ya mwaka 1998 na 2000, na wale wa Kitaka, Uganda, mwaka 2007, waliugua Marburg, homa kali ya kuvuja damu, na popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini ndio wanaobeba kirusi hicho. Sisi wenyewe tuliuona ugonjwa huo Kagera mwaka 2023. Simzushii popo wa Singida neno. Nashangaa tu kwamba mtu anayenawa mikono mara mbili kabla ya kula chipsi anaweza kutambaa juu ya kinyesi cha popo kwa kiganja kitupu.

Na wakongwe wa kazi yenyewe hunaswa. Oktoba 2015 kule Nyangarata, Kahama, wachimbaji walifukiwa, na waliookolewa walitolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa mende, vyura na mizizi. Hao walikuwa wanalijua shimo lao kwa jina. Sisi tunaenda na kofia ya baiskeli na tochi ya simu.

Lakini hoja hiyo ya usalama, hata ningeshindwa, bado nisingeingia. Kuna jambo lilitokea upande wa Shelui, hukohuko Iramba, ambalo liliniondolea hamu.

Ramani tuliyokuwa nayo ilionyesha mgodi uliotelekezwa. Tukafuata njia ya ng'ombe, gari la mbele likapanda kilima cha kifusi ili lipate pembe nzuri ya picha. Akatokea kijana, kifua wazi, mwili mzima mweupe kwa vumbi la mawe, anapunga mikono yote miwili.

"Mkuu, gari isisogee hapo! Chini kuna watu!"

Dereva alikanyaga breki. Hatua chache mbele ya bampa palikuwa na duara, yaani shimo la wachimbaji, mdomo wake umezidi kidogo upana wa mlango wa nyumba, umezungushiwa matimba yaliyofungwa kwa kamba za mpira. Bomba la plastiki la kupeleka hewa lilikuwa limelala kwenye majani, ndio maana hatukuliona. Kwenye kijiti pembeni yalining'inia mashati manne. Manne, na chini yake kandambili zimepangwa jozi kwa jozi. Kiongozi wetu alishuka akamwamkia mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha turubai: "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Gari hilo lina uzito gani?" Hakuna aliyemjibu. Tani mbili na nusu, bila mizigo wala maji, juu ya dari la watu wanaochimba.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba sisi ndio tulioutelekeza mgodi, kwenye ramani zetu. Wenyeji hawajawahi kuuacha. Kampuni ikifunga, wachimbaji wadogo wanaingia. Mshipa wa dhahabu ukipotea, marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanasagwa upya. Kuna karasha ya kusaga mawe inayonguruma, kuna mwalo wa kuoshea mchanga, kuna akina mama wanaogonga mawe kwa nyundo tangu asubuhi, kuna muuza maandazi. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania tu, kwa miaka 7, na eneo lake halizidi hekta 10. Kwa hiyo hilo shimo unaloliona halina geti laweza kuwa na mwenye leseni, na mwenye leseni ana wachimbaji wake, na wachimbaji wana wanaowategemea nyumbani. Kuingia humo bila hodi ni sawa na kuingia karakana ya fundi ukaanza kuchezea mashine zake kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Kinachonikera ni tabia yetu baada ya kuambiwa hivyo. Msafara unaomwaga dizeli ya laki kadhaa kwa gari moja ukiombwa elfu ishirini na ofisi ya kijiji, watu wanaanza mhadhara kuhusu rushwa. Dai risiti, lipa, songa mbele. Tukipiga hema tunalipiga kwenye uwanja wa marudio kwa sababu ni tambarare na hauna miiba, bila kujiuliza kwa nini hata nyasi hazioti pale. Mchanga huo umepitiwa na zebaki, na mwingine sianidi, sumu za kutolea dhahabu. Wacha kupikia hapo, na mtoto asichezee. Halafu kuna anayerudi na mawe mfukoni. Madini ni mali ya Jamhuri, na kuyatafuta au kuyachimba bila leseni ni kosa, hata kama wewe ulikuja kutalii. Mwenye kiu ya mawe ya ajabu akasimame chini ya kilima cha Mautia, Kongwa, ambako yoderaiti, madini ya zambarau, yalitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Atazame, aridhike.

Wenzangu hunijibu kwamba Ulaya watu wanashuka migodini kila siku. Ni kweli. Mgodi wa chumvi wa Wieliczka, Poland, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1978 na unapokea wageni mwaka mzima. Huko kuna hewa inayosukumwa, ngazi zinazokaguliwa, na mwongozaji anayewahesabu wageni wake. Nami nautaka mgodi wa namna hiyo Singida. Mdomo mmoja wa Sekenke uliokaguliwa na kuwekewa nondo, chumba kidogo chenye picha ya ile sarafu ya tembo, na mchimbaji mstaafu wa Shelui analipwa kusimulia. Wizara mbili, ya madini na ya utalii, zikikaa meza moja linawezekana, na gharama yake ni ndogo kuliko ya semina nyingi tunazoziona hapa makao makuu.

Hadi hapo kutakapopambazuka, safari yetu ya Nane Nane nimeiwekea masharti. Tunapiga simu mapema kwa Afisa Madini Mkazi Singida tujue maeneo yenye leseni. Tunapita kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kupita porini. Magari yanabaki barabarani na tunatembea kwa miguu nyuma ya mwenyeji, ambaye analipwa kama anavyolipwa mwongozaji wa Ruaha. Mchana tunakula kuku wa kienyeji kwa mama lishe, na jiko la gesi linabaki limefungwa. Mwenye droni aje na kibali chake mkononi, na hata akiwa nacho aombe kwanza ruhusa ya watu anaotaka kuwapiga picha wakiwa kazini.

Mratibu wetu amesema nimeifanya safari iwe ziara ya shule. Wawili wamejitoa, mmoja amedai arudishiwe mchango wake. Nafasi zao zimeshachukuliwa, na mmoja wa waliojiunga ni mwalimu wa historia aliyeuliza swali moja tu: kama tutapita Kinyangiri.