Mgeni Atupe Jembe

Kuna sentensi moja ambayo vidole vyangu viliizoea hata nikawa naiandika huku nikifikiria mambo mengine: "Mgeni wetu wa wiki hii alitoa mada nzuri sana na wanachama walinufaika." Miaka miwili nimekuwa mhariri wa taarifa ya wiki ya klabu yetu ya huduma kwa jamii, cheo ambacho hakuna anayekigombea. Ukikaa kimya mkutanoni siku ya uchaguzi, unajikuta umekipata.

Siku moja mwanachama aliyekosa kikao alinipigia simu. Taarifa ameisoma, akasema, picha ameziona, lakini yule mgeni alisema nini hasa? Nikafungua taarifa niliyoiandika kwa mkono wangu siku mbili tu kabla. Kulikuwa na salamu za rais wa klabu, siku za kuzaliwa, asilimia ya mahudhurio, nani alitozwa faini kwa kuchelewa, na picha ya mgeni ameshika cheti huku akitabasamu. Alichosema hakikuwemo. Kibaya zaidi, hata kichwani mwangu hakikuwemo.

Tangu hapo nimekuwa na hoja moja ambayo wenzangu sasa wameichoka, kwa hiyo naileta huku. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye klabu hakuna siku ya tatu. Mgeni ana dakika ishirini, anakunywa maji, anapigiwa makofi, anaondoka. Basi mambo na yageuzwe: mgeni ndiye atupe sisi jembe. Asipotuachia kazi ya kufanya, tumepoteza saa moja ya watu wenye shughuli zao, na yeye tumempotezea jioni yake.

Anayedhani natia chumvi na aende Cedar Point, Ohio, Marekani, tarehe 30 Juni 1925. Chama cha Lions, muungano wa vilabu vya huduma kwa jamii kama yetu, kilikuwa kichanga. Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima mjini Chicago, alikuwa amekusanya vilabu mbalimbali mwaka 1917 akiwauliza wafanyabiashara wenzake kwa nini vipaji vyao viishie kwenye kutafutiana wateja. Miaka minane baadaye walikuwa na wanachama wengi na moyo wa kutosha, ila hawakuwa na jambo moja ambalo ukilitaja watu wanawataja wao. Wanafanya hili hapa, lile kule. Vilabu vingi ninavyovijua viko hivyo hivyo leo.

Kwenye mkutano wao mkuu wakamwalika Helen Keller, mwandishi na mtetezi wa wasioona. Alikuwa ametimiza miaka 45 siku tatu tu kabla. Uoni na usikivu alikuwa amevipoteza kwa maradhi akiwa na miezi 19, na sauti yake aliyojifunza kuitoa kwa taabu haikuwa rahisi kufuatwa na asiyeizoea. Ukipima kwa vipimo vya kamati nyingi za wageni, huyo ni mzungumzaji wa mashaka: ataeleweka? ukumbi utatulia? Hotuba yake ilikuwa fupi. Aliwaambia kwamba yeye ndiye ile fursa ambayo watu husema hubisha hodi mlangoni, na sasa anabisha wao. Kisha akaomba. Wasikubali mtu apofuke kwa sababu inayozuilika, wala mtoto kiziwi asiyeona abaki bila mafunzo. Waunge mkono kazi ya taasisi ya Marekani ya wasioona. Wawe mashujaa wa vipofu.

Walikubali, na hawajaacha. Miaka mitano baadaye, huko Peoria, Illinois, rais wa klabu ya Lions, George Bonham, alimwona mtu asiyeona akihangaika kuvuka barabara kwa sababu fimbo yake nyeusi madereva hawakuiona. Klabu yake ikapaka fimbo rangi nyeupe na kuizungushia mkanda mwekundu. Mwaka 1990 chama kizima kikaanzisha mpango wa SightFirst wa kupambana na upofu duniani. Takriban miaka mia moja ya kazi imetoka kwenye hotuba moja ya mgeni mmoja.

Kinachonivutia katika kisa hiki si umaarufu wa Keller. Watu maarufu wamehutubia vilabu mara nyingi, na kilichobaki ni picha ukutani. Nguvu yake ilikuwa kwamba alijua anaongea na nani. Mbele yake walikuwa wafanyabiashara wanaojua kupanga, kuchangisha na kufuatilia, naye akaomba kile hasa ambacho watu wa namna hiyo wanaweza kukitoa. Hakusema tu "naomba msaada wenu". Alitaja kazi yenyewe.

Sasa linganisha na kikao chetu cha kawaida. Kengele inapigwa. Rais anakaribisha. Katibu anasoma barua ambazo zingeweza kusomwa na kila mtu nyumbani kwake. Mweka hazina anakumbusha ada. Kuna tangazo la matembezi ya hisani, tangazo la tangazo litakalokuja wiki ijayo, na mzee mmoja ambaye lazima aseme neno. Mgeni amekaa pale mbele muda wote, karatasi mkononi, anatazama saa kwa siri. Anaposimama zimebaki dakika kumi na mbili, na anaambiwa kwa upole, "Jitahidi uwe mfupi." Kisha mimi naandika kwamba alitoa mada nzuri sana.

Mimi ningeanza na mgeni. Kengele, salamu, mgeni, maswali. Matangazo yaje mwisho, na yasiyoenea yahamie kwenye taarifa ya wiki, maana ndiyo kazi yake. Nilipopendekeza hivi niliambiwa watu wataondoka matangazo yakianza. Ndiyo. Na hilo linatuambia kitu kuhusu hayo matangazo.

Mazoea ya kukutana kila wiki yana historia yake. Paul Harris, wakili, aliwakutanisha watu watatu tarehe 23 Februari 1905 kwenye ofisi ya mmoja wao, Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, mjini Chicago. Wengine walikuwa Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi cherehani. Walikuwa wakizunguka kwenye ofisi za wanachama kwa zamu, na jina Rotary, chama kingine cha vilabu vya huduma, likatoka kwenye huo mzunguko. Mgeni rasmi hawakumhitaji. Kila mmoja alikuwa na kazi tofauti na ya mwenzake, kwa hiyo ilitosha mtu mmoja kueleza shughuli zake na wengine wote wakawa wanafunzi. Desturi hiyo bado ipo katika vilabu vingi, mwanachama mpya akisimama kueleza kazi anayoifanya, na kwa maoni yangu ndiyo hazina tunayoichezea zaidi. Tunatafuta mgeni wa mbali ilhali mezani kwetu kuna mtu aliyefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu maisha yake yote na anajua jinsi fedha za misaada zinavyopotea. Hatujawahi kumuuliza.

Kwa muda mrefu mahudhurio ya kila wiki yalikuwa sheria kali kwa Wanarotari; aliyekosa kikao alifidia kwa kwenda kukaa na klabu nyingine. Mwaka 2016 kanuni zililegezwa, na klabu sasa inaweza kukutana mara mbili tu kwa mwezi ikitaka. Wapo waliolia kwamba huo ni mwisho wa udugu. Sikulia. Vikao viwili vyenye mgeni aliyeandaliwa vinanitosha kuliko vinne ambavyo viwili kati yake mgeni ni wa kuziba pengo, yule tuliyempata jana yake usiku kwa sababu mratibu alisahau. Ila nakiri kwamba mgeni bora kuwahi kutufikia alikuja kwa njia hiyo hiyo ya kuziba pengo.

Wiki iliyotangulia tulikuwa na mkubwa wa taasisi kubwa. Alikuja na wasaidizi wawili na picha za kuonyesha ukutani, akatupitisha kwenye historia ya taasisi yake tangu mwanzo, muundo wake, idara zake, na picha ya jengo jipya. Dakika hamsini. Hakuna aliyethubutu kumwonyesha saa. Swali lilikuwa moja, nalo lilikuwa pongezi.

Wiki iliyofuata mgeni aliyepangwa aliugua, na mwanachama mmoja akamleta jirani yake, muuguzi anayehudumia wagonjwa majumbani. Hakuwa na picha. Alisema mgonjwa aliyevunjika mguu anahitaji magongo kwa wiki sita, aliyefanyiwa upasuaji anahitaji kiti cha magurudumu kwa mwezi mmoja au miwili, na baada ya hapo vifaa hivyo vinalala stoo miaka na miaka huku familia ya mtaa wa pili inahangaika kuvinunua. Akasema haombi pesa. Anaomba chumba kimoja kikavu chenye kufuli, daftari, na mtu wa kulishika hilo daftari siku mbili kwa wiki. Alizungumza kwa dakika tisa, nikamwona mweka hazina wetu, ambaye kwa kawaida husinzia, anaandika.

Chumba kilipatikana kabla ya mwezi kwisha. Taarifa ya wiki ile ndiyo ya kwanza ninayoionea fahari, na ilikuwa fupi kuliko zote: mgeni alisema nini, aliomba nini, nani amesema atafanya nini na lini. Cheti hatukumpa. Tulisahau, na sidhani kama aligundua.

Tangu hapo taarifa ninaiandika hivyo hivyo. Siku za kuzaliwa zimebaki, kwa sababu nilipojaribu kuziondoa nilipata simu nyingi kuliko nilizopata kuhusu jambo lolote la maana. Lakini juu kabisa kuna ombi la mgeni wa wiki hii, na chini yake maombi ya wageni waliopita na yalipofikia. Ombi ambalo halijashughulikiwa linabaki pale wiki baada ya wiki kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Rais wa klabu hakupenda. Alisema tunajianika. Nikamjibu kwamba kujianika ndiko kazi ya taarifa ya wiki, la sivyo ni albamu ya picha.

Nimewahi kupingwa kwa hoja nzito zaidi ya hiyo. Mwenzangu mmoja aliuliza: kwani kila mgeni lazima aombe? Hatuwezi kumsikiliza mtu wa nyota na sayari kwa sababu tu nyota ni nzuri? Anasema kweli, na nimemwachia mgeni mmoja kwa mwezi wa kutufurahisha tu. Watu wanaojitolea nao wanahitaji kufurahi. Ninachokikataa ni mgeni wa tatu, asiyefurahisha wala kuomba, aliyekuja kwa sababu cheo chake kinapendeza kwenye picha.

Yupo na wa nne, anayekuja kuuza, na huyu ni mjanja. Mada yake inaitwa "Kupanga Maisha ya Uzeeni", na kufikia dakika ya saba anagawa fomu. Dawa yake ni kumwambia mapema kwamba fomu hazigawiwi. Mwanasiasa wakati wa kampeni nampa jibu hilo hilo. Lions waliliweka jambo hili katika malengo yao kwa namna ninayoipenda: klabu iwe uwanja wa kujadili wazi mambo yote ya umma, isipokuwa wanachama wasibishane siasa za vyama wala dini za madhehebu. Haikusemwa tukwepe mambo ya umma. Vilabu vingi vimeshika nusu ya pili na kuisahau ya kwanza, ndiyo maana tunasikiliza mada za kutunza bustani wakati mfereji wa maji machafu umepasuka mita mia moja kutoka ukumbini.

Na kuna anayesema maombi ya wageni ni mengi, klabu ni ndogo, tutayabeba vipi yote? Hatutayabeba yote. Wanarotari walianza na mradi wa kuchanja watoto dhidi ya polio nchini Ufilipino mwaka 1979, na ni mwaka 1985 ndipo walipoufanya kuwa kampeni ya dunia nzima. Hata mwaka 1988 polio ilikuwa ikikadiriwa kupoozesha watoto wapatao 350,000 kwa mwaka. Hawakufika huko kwa kuitikia kila hodi. Mgeni akiambiwa hapana waziwazi, na hapana hiyo ikaandikwa kwenye taarifa, ameheshimiwa kuliko yule aliyeambiwa "tutalifanyia kazi" akasubiri simu mpaka akachoka.

Kwa hiyo siku hizi kabla mgeni hajaja namwandikia ujumbe wenye swali moja: ungependa tufanye nini ukishaondoka? Wengine wanashangaa. Mmoja aliniuliza kama ni mtego. Wawili waliahirisha kuja mpaka wapate jibu, na mmoja kati yao hajarudi hadi leo.

Wiki ijayo anakuja mwalimu mstaafu anayetaka kuzungumzia watoto wanaomaliza shule bila kujua kusoma. Nilimtumia swali langu Jumatatu. Jibu lilikuja usiku huo huo, mistari miwili. Anataka watu kumi na wawili, kila mmoja asome na mtoto mmoja kwa nusu saa kila wiki, kwa mwaka mzima. Na kwa ajili ya kutueleza hayo anaomba dakika arobaini badala ya ishirini. Hao kumi na wawili nimeanza kuwatafuta. Dakika arobaini nimemnyima.