Mwendesha mashtaka maalum Marekani: anayemchunguza rais, na anayeweza kumfukuza

Kila ikitokea kashfa kubwa Washington inayomgusa rais au mtu wake wa karibu, siku mbili tatu hazipiti utasikia watu wanadai ateuliwe mwendesha mashtaka maalum, yani mwanasheria anayepewa uchunguzi huo mmoja tu, na upande wa pili unalalamika kwamba mtu wao anaandamwa kisiasa, alafu serikali ikibadilika wanabadilishana maneno yale yale. Mi naona pande zote mbili zina hoja ya kweli, ila ukizisikiliza kwa ushabiki wa chama huwezi kuziona, lazima urudi kwenye yale yaliyotokea.

Tatizo lenyewe linaanzia hapa. Kwetu Kenya na Tanzania Mwanasheria Mkuu na DPP ni watu wawili tofauti, Marekani kwa kesi za serikali ya shirikisho waendesha mashtaka wote wako chini ya Mwanasheria Mkuu, na huyo ni waziri ndani ya baraza la rais, rais ndo kampendekeza na rais anaweza kumtoa muda wowote. Sasa ukimwambia huyo asimamie uchunguzi wa bosi wake inakuwa kesi ya nyani hakimu ngedere, yani hata akitenda haki kabisa akasema rais hana kosa, nani atamuamini? Kwahiyo kumleta mtu wa nje kunamlinda mwananchi, na kunamlinda hata huyo anayechunguzwa kama kweli hana kosa.

Mfano ambao kila mtu anaurudia ni Watergate, kashfa ya watu wa Rais Nixon kuvamia ofisi za chama pinzani alafu kuficha, na unastahili kurudiwa. Mei 1973 Mwanasheria Mkuu Elliot Richardson alimteua Archibald Cox, aliyekuwa mwalimu wake wa sheria Harvard, na aliwaahidi maseneta waliomthibitisha kwamba Cox hataguswa bila sababu nzito. Cox akaanza kudai kanda za sauti zilizorekodiwa Ikulu. Rais Nixon hakutaka kuzitoa, na jioni ya Jumamosi tarehe 20 Oktoba akamuagiza Richardson amfukuze Cox. Richardson akakataa akajiuzulu, naibu wake William Ruckelshaus nae akakataa nae akaondoka, mpaka ikafika kwa mtu wa tatu, Robert Bork, ndo akasaini. Usiku ule ule maafisa wa FBI wakatumwa kwenda kuzifunga ofisi za Cox, wafanyakazi wake wakaona mlango wa ofisi yao unalindwa. Wananchi wakalipuka, telegramu zikamiminika Washington, na ndani ya wiki mbili Nixon akajikuta hana jinsi, akateuliwa mwingine, Leon Jaworski. Huyo ndo aliyeipeleka ishu ya kanda mpaka Mahakama ya Juu akashinda kura 8 kwa 0, Julai 1974, na Agosti 9 Nixon akawa ameachia ngazi.

Wengi wanachukulia hadithi hii kama ushahidi kwamba mwendesha mashtaka maalum ana nguvu. Mi naisoma tofauti kidogo. Cox hakuwa na nguvu ya kujizuia asifukuzwe, alifukuzwa kweli, hata kama jaji mmoja baadae alisema ufukuzaji ule ulikiuka kanuni. Kilichofanya kazi ni kwamba kumfukuza kulimgharimu Nixon hadharani, Mwanasheria Mkuu na naibu wake waliona bora wapoteze kazi kuliko kusaini, na bunge na wananchi hawakukubali. Ukiviondoa hivyo vyote Jaworski asingekuwepo. Kwahiyo swali la kuuliza kila anapoteuliwa mtu wa aina hii, mbali na kama ni msafi, ni nani anaweza kumtoa na akimtoa atalipa gharama gani.

Baada ya hapo wabunge walijaribu kuimaliza hiyo hatari moja kwa moja. Sheria ya 1978 ikasema mwendesha mashtaka wa aina hii anateuliwa na jopo la majaji watatu, na serikali haiwezi kumfukuza hivi hivi. Kwenye karatasi inapendeza sana. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ikaipitisha kwa kura 7 kwa 1, na yule mmoja aliyepinga, Jaji Scalia, alikuwa na hoja ambayo hata ukiwa humpendi inabidi uisikilize. Alirudia onyo la Robert Jackson, ambaye mwaka 1940 akiwa Mwanasheria Mkuu aliwaambia waendesha mashtaka kwamba hatari kubwa ya kazi yao ni kuchagua mtu kwanza alafu ndo kutafuta kosa la kumbandika. Mwendesha mashtaka wa kawaida ana mafaili mia mezani, lazima achague lipi linastahili muda na pesa za umma, na hiyo yenyewe inamfunga. Huyu maalum ana faili moja, ana mtu mmoja, bajeti haina kikomo cha maana na akirudi mikono mitupu anaonekana kashindwa kazi.

Na ndivyo ilivyokuja kuwa kwa Kenneth Starr, aliyemchunguza Rais Bill Clinton. Uchunguzi ulianza na biashara ya viwanja Arkansas, iliyoanza hata kabla Clinton hajawa gavana wa jimbo hilo, mwaka 1994 ukawa mikononi mwa Starr, na kufikia Januari 1998 uchunguzi huo huo umeongezewa uhusiano wa rais na msichana aliyekuwa mafunzo kazini Ikulu na kama alidanganya chini ya kiapo. Zaidi ya dola milioni 40 zikatumika. Kudanganya chini ya kiapo ni kosa, sitetei, ila kutoka viwanja mpaka huko ni mbali mno, na mtu yeyote, hata wewe unayesoma hapa, ukipewa mpelelezi wa kukufuata miaka minne bila kuambiwa aishie wapi, hatakosa kitu. Clinton alishtakiwa na Baraza la Wawakilishi, Seneti ikamuachia Februari 1999, na miezi michache baadae sheria ile ikaachwa ife Juni 1999. Republican walikuwa wameshachoshwa nayo tangu Lawrence Walsh alipowachunguza zaidi ya miaka 6 kwenye Iran-Contra, kashfa ya serikali ya Reagan kuiuzia Iran silaha kwa siri, Democrat wakachoshwa na Starr, hakuna aliyelia.

Mfumo wa saivi ni kanuni za Wizara ya Sheria za 1999, sio sheria ya bunge. Mwanasheria Mkuu anateua, anaweka mipaka ya kazi, anaweza kumtoa kwa sababu nzito tu, na mwisho wa kazi anapokea ripoti ya siri. Hapo kwenye ripoti ndo kuna shida mbili zinazogongana. Ya kwanza tuliiona 2019, mwendesha mashtaka maalum Robert Mueller alimaliza uchunguzi wa Urusi kuingilia uchaguzi wa 2016 ambao Trump alishinda, akamkabidhi Mwanasheria Mkuu William Barr ripoti nzima, na siku mbili baadae Barr akatoa barua yake ya kurasa nne ya muhtasari ikasambaa dunia nzima kabla mtu yeyote wa nje hajasoma ripoti. Mueller mwenyewe alimuandikia kulalamika kwamba barua haikubeba uzito na muktadha wa kazi yake, ila wiki kama tatu zilipita mpaka ripoti ikatoka na watu walishaamua. Ya pili ni ya mwenzake Robert Hur, Februari 2024, alisema hatamshtaki Biden, aliyekuwa rais wakati huo, kwa nyaraka za siri zilizokutwa kwake, lakini ndani ya ripoti akamuelezea kama mzee mwenye kumbukumbu dhaifu. Mwendesha mashtaka wa kawaida akiamua kutokushtaki ananyamaza, mtu hapewi sifa mbaya hadharani bila mahakama ya kujitetea. Mi hapa naegemea upande wa kutoa ripoti anapochunguzwa rais aliye madarakani, kwa sababu Wizara yenyewe inashikilia kwamba rais aliyeko kazini hashtakiwi, kwahiyo ripoti ndo kitu pekee wananchi watakachopata. Kwa wengine wote, aidha shtaki au nyamaza.

Alafu kuna ishu ya muda, ambayo naona haisemwi vya kutosha. Wafuasi wa Trump walivamia jengo la bunge Januari 6, 2021, baada ya yeye kushindwa uchaguzi. Jack Smith kateuliwa kumchunguza Trump Novemba 18, 2022, siku chache baada ya Trump kutangaza kugombea tena. Hati ya mashtaka ya kujaribu kupindua matokeo ya uchaguzi wa 2020 ikaja Agosti 2023, kesi ikapangwa Machi 2024, ikasimama kusubiri hoja ya kinga, yani kama rais wa zamani anaweza kushtakiwa kwa aliyofanya akiwa madarakani, Julai 1 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi wa kinga kwa kura 6 kwa 3, Novemba Trump akashinda uchaguzi na tarehe 25 mwezi huo huo Smith mwenyewe akaomba kesi ifutwe. Wanaompinga wanasema mwaka wa uchaguzi sio mwaka wa kumpeleka mgombea mahakamani na hoja hiyo ina uzito, ila kama ilikuwa lazima ateuliwe mtu wa nje basi mapema 2021 ndo ilikuwa wakati wake. Kuchelewa kuliwanyima wote haki, mshtakiwa hakusafishwa na mahakama na wananchi hawakupata jibu.

Na kesi ya pili ya Smith, ya nyaraka za siri ambazo Trump alibaki nazo Florida, Jaji Aileen Cannon aliifuta Julai 15, 2024 akisema Smith hakuteuliwa na rais, hakuthibitishwa na Seneti, na hakuna sheria ya bunge inayompa madaraka yale. Mahakama nyingine kabla yake zilishaona tofauti, uteuzi wa Mueller ulipita kwenye rufaa Washington 2019, na mi uamuzi wa Cannon naona ulienda mbali kuliko ilivyohitajika. Ila swali lake kwamba mtu mwenye nguvu hizi anawajibika kwa nani ni swali halali, asilitupe mtu kwa sababu tu hampendi aliyeuliza.

Jibu lake lipo tangu miaka mia iliyopita. Mwaka 1924, kwenye kashfa ya Teapot Dome, ambapo visima vya mafuta vya serikali vilikodishwa kwa rushwa, Mwanasheria Mkuu wa wakati ule Harry Daugherty alikuwa haaminiki, Rais Coolidge akateua mawakili wawili kutoka nje, Owen Roberts wa Republican na Atlee Pomerene aliyekuwa seneta wa Democrat, na Seneti ikawathibitisha wote. Waliirudishia serikali visima vyake na waziri wa zamani Albert Fall akapatikana na hatia ya rushwa 1929 akaenda jela. Ilikuwa vigumu mtu kusema ameandamwa na chama pinzani kwa sababu vyama vyote viwili vilikuwa mezani. Mi ningetaka warudi huko, wawili, vyama viwili, kura ya Seneti, na kosa litakalochunguzwa liandikwe kabla ya siku ya kwanza. Kikwazo ni kwamba njia hiyo inahitaji rais akubali kuteua na maseneta wa chama chake wakubali kupiga kura ya ndio, na kwa Seneti ya leo iliyogawanyika hivi sioni wapi zitapatikana hizo kura.