Buti la Shemeji

Nyuma ya Kunduchi, Dar es Salaam, kuna kijito kinachojipenyeza kwenye mikoko. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na huo ndio muda wa wasaka kaa. Nikaingia na mabuti ya mpira ya shemeji, namba kumi. Mguu wangu namba nane.

Wenyeji huingia peku, na si kwamba mabuti yamewashinda bei. Buti likizama hadi ugokoni, tope hulibana pande zote. Ukilivuta, chini ya soli hakuna hewa wala maji ya kujaza nafasi, basi nalo linavutwa chini. Mguu mtupu unauchezesha kisigino, maji yanapenya, unachomoka. Adha ya peku ni vimizizi vya mchu, mti mwenzake mkoko, vimesimama wima na vimechongoka, kwa hiyo watu hupita juu ya mizizi ya mkoko iliyojipinda.

Kaa koko yumo shimoni. Unaingiza upembo, chuma chenye ncha iliyopinda, polepole mpaka usikie "ko!" kwenye gamba. Usivute kwa pupa: gando likikatika, bei nayo inakatika. Akitoka unamkanyaga mgongoni kidogo tu, unayafunga magando, ndipo kapuni.

Wa kwangu alikuwa mkubwa kama sahani, nikamfunga vizuri tu. Kamba ikafyatuka. Akapanda ukingo wa kapu, akaning'inia kwenye pindo la suruali, gando moja juu, moja anapimia. Nikaruka. Mguu wa kushoto ukaja, buti likabaki. Kaa akadondoka, akalitazama lile shimo jipya la mpira, akaingia kinyumenyume, akabakisha magando nje.

Wa kulia nao ukawa umezama hadi gotini, na maji yameanza kurudi. Bamvua haibembelezi, ikifika saa kumi jioni pale ni bahari.

"Usivute, mwanangu! Lala chali!"

Alikuwa babu mmoja mwenye kapu begani. Nikalala, na fulana yangu ya kamati ya harusi, kwenye tope linalonuka yai viza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Chezesha kisigino."

Nikatoka, na buti la kulia mguuni. Babu akachungulia lile lenye mpangaji.

"Hili la kushoto?"

"La kushoto, babu."

Akasikitika kweli. "La kushoto ninalo, aliliacha mwenzako. Natafuta la kulia." Akautazama mguu wangu. "Hilo namba ngapi?"