Pumzi hurudi kwanza, kano baadaye

Siku niliyojitonesha ilianza vizuri kuliko siku zote za mwezi ule. Nilikuwa nimepumzika wiki 6 kwa sababu ya kano ya kisigino cha kulia, ile kamba nene inayoshikanisha msuli wa nyuma ya mguu na mfupa wa kisigino, na kwa siku 10 mfululizo sikuwa nimesikia hata mchomo. Nikafunga viatu nikijiambia kilomita 3, basi. Ya tatu ilipokwisha pumzi ilikuwa tulivu na miguu miepesi, nikaongeza ya nne. Kisha ya tano. Nilifika nyumbani na kilomita 7, nina furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kesho yake asubuhi, mguu ulipogusa sakafu, nilishika ukuta.

Wakimbiaji tunapeana ushauri mwingi kuhusu maumivu: yakija, simama, yakizidi, mwone daktari. Ni ushauri mzuri. Lakini mimi sikuumizwa na siku ya maumivu. Niliumizwa na siku ya kujisikia mzima, na naamini wengi wanaorudi kukimbia huangukia shimo hilohilo.

Mwili haurudi wote kwa wakati mmoja. Moyo, damu na pumzi huitikia mazoezi upesi. Ndani ya wiki chache tu unaona tofauti. Kano ni kitu kingine kabisa. Inapata damu kidogo ikilinganishwa na msuli, kwa hiyo hujijenga polepole, na hesabu yake ni ya miezi. Mfupa nao una tabia yake: ukiutwika mzigo mpya, mwili kwanza unaondoa sehemu zilizochoka, halafu ndipo unajaza mfupa mpya, na kazi hiyo nzima inachukua kama miezi 3 au 4. Maana yake kuna kipindi, wiki chache baada ya kuanza mazoezi, ambapo mfupa ni dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa, wakati huohuo pumzi imeshapata nguvu na inakuhimiza uongeze.

Nilipokuja kupiga hesabu ya zile kilomita nilizojiongezea, nilielewa kwa nini nililipa. Kilomita moja ya mwendo wa taratibu ni kama hatua 1,000, yaani mara 500 kwa kila mguu. Katika kila hatua kano ya kisigino inaweza kubeba mzigo unaozidi mara 6 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni zaidi ya kilo 360. Kilomita 4 za ziada zilikuwa mara 2,000 za mzigo wa namna hiyo, juu ya kano iliyokuwa imekaa wiki 6 bila kazi.

Hapo ndipo ninapogombana na neno "pumzika" linapotolewa peke yake. Niliambiwa nipumzike, nikapumzika kwa utiifu wote, na maumivu yakaondoka kweli. Lakini kupumzika kuliondoa maumivu tu, hakukuipa kano nguvu yoyote. Kano isiyotwikwa mzigo huzidi kulegea. Mtu akikaa wiki 6 kisha akaanzia alipoishia, anaipeleka kazini kano iliyo dhaifu kuliko siku aliyosimama. Laiti mtu angeniambia hivyo mapema.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea baadaye alinirudisha kwenye ngazi. Zoezi alilonipa linajulikana sana. Mwaka 1998 daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya wanamichezo 15 wa kawaida wenye maumivu ya muda mrefu katikati ya kano hii, ambao walifanya zoezi la kushusha kisigino kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Watu 15 ni wachache, na tangu hapo wataalamu wamejaribu namna nyingine za kuipa kano mzigo zinazofanya kazi vilevile. Ila wazo lenyewe limebaki: kano hutibiwa kwa kazi iliyopimwa.

Unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya wayo, kisigino kikiwa hewani. Unapanda kwa miguu yote miwili, unahamishia uzito wote kwenye mguu mbovu, unashuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka. Kisha mizunguko 3 mingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Ukijumlisha ni mara 180 kwa siku. Siku za mwanzo, nilipofika ya 9, msuli wa nyuma ulianza kutetemeka, mtetemo mdogo niliouona kwa macho nikiinama, na nilijifunza kutoikimbiza ile ya 10. Wiki ya 5 nilivaa begi mgongoni lenye vitabu viwili. Wiki ya 9 vilikuwa sita. (Kama maumivu yako yapo pale kano inapojishika kwenye mfupa wa kisigino, usishushe chini ya ngazi, fanyia sakafuni. Huko chini kano hubanwa dhidi ya mfupa na mara nyingi huzidi kuuma.)

Kukimbia kulianza baada ya kuweza kutembea haraka dakika 30 bila kuchechemea, wakati huo na baadaye. Dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 8. Siku moja kazi, siku moja mapumziko, kwa sababu baada ya mzigo kano hubomoka zaidi kuliko inavyojengwa kwa saa 24 mpaka 36 za kwanza, ndipo ujenzi unazidi. Ukirudi barabarani kesho yake unaikuta bado imeshuka.

Nakiri dakika zile 2 za kutembea zilikuwa ngumu kuliko ile 1 ya kukimbia. Saa inalia, unajisikia una nguvu, na mbele yako kuna mtu unayeweza kumpita. Kutembea hadharani ukiwa umevaa mavazi ya kukimbia kunauma mahali ambapo dawa haifiki. Kilichonisaidia ni kujua kwamba mtu aliyeieneza sana namna hii ya kuchanganya kukimbia na kutembea, Jeff Galloway wa Marekani, alikuwa amekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Kama mtu wa kiwango kile aliona kutembea hakumpunguzii mkimbiaji heshima, mimi nilikuwa nabishana na nani?

Tumelelewa na methali za kusifu polepole, nazo nazipenda. Ila hakuna hata moja inayosema polepole ni dakika ngapi. Wakimbiaji tumejaribu kuliziba pengo hilo kwa kanuni ya asilimia 10: usiongeze zaidi ya hapo kwa wiki. Ni kanuni nzuri ya kumtuliza mtu mwenye pupa, lakini haina ulinzi tunaoudhania. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2008 uliwagawa wanaoanza kukimbia zaidi ya 500 katika makundi mawili, kundi moja likifuata ongezeko la asilimia 10 kwa wiki 13, jingine mpango wa kawaida wa wiki 8. Katika kila kundi aliyeumia alikuwa kama mtu mmoja kati ya watano. Mimi nadhani tatizo ni kwamba asilimia haijui usiku ulilala saa ngapi, wala haijui kano yako iliamkaje.

Kano iliamkaje. Hicho ndicho kipimo changu siku hizi, na ningetamani kila anayerudi akishike kabla ya kushika saa ya mkononi. Kila asubuhi, kabla ya maji, kabla ya simu, natembea hatua 10 za kwanza kutoka kitandani na kujipa namba kati ya 0 na 10. Wakati wa kukimbia naruhusu maumivu yafike 3. Wapo wanaoruhusu zaidi. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 uliwaacha wagonjwa wa kano waendelee kukimbia na kuruka maadamu maumivu hayakupita 5, na walipona sawa na wenzao waliosimama kukimbia kwa wiki 6 huku wote wakifanya mazoezi ya kano. Kwangu 3 inatosha. La muhimu ni kesho yake: namba ya asubuhi ikirudi ilivyokuwa, dozi ya jana ilikuwa sawa. Ikipanda, narudia hatua ya nyuma, hata kama jana nilikimbia nikiimba.

Hayo ni ya kano. Kwa mfupa sithubutu kumshauri mtu ajadiliane na maumivu. Ukiweza kuonyesha mahali panapouma kwa kidole kimoja juu ya mfupa, panauma ukipabonyeza, panauma ukiruka kwa mguu mmoja, au panakuamsha usiku, acha kukimbia na umwone daktari. Ufa mdogo kwenye mfupa unaweza kugeuka mvunjiko.

Jambo jingine nililojifunza kwa gharama: ongeza kitu kimoja tu kwa wakati. Wiki ya 6 niliongeza dakika na pia mwendo, namba ya asubuhi ikatoka 1 ikaruka hadi 4, nami sikujua nilaumu kipi. Ilinibidi nirudi nyuma wiki nzima. Sasa dakika kwanza, mpaka zitulie. Kasi baadaye, kwa sababu kadiri unavyokaza mwendo ndivyo kano inavyovutwa zaidi. Vilima mwisho.

Ukiwa umeumia watu hukutumia hadithi za mashujaa. Mimi nilitumiwa sana ya Joan Benoit, mkimbiaji wa Marekani aliyefanyiwa upasuaji wa goti siku 17 tu kabla ya mchujo wa nchi yake wa marathoni ya Olimpiki mwaka 1984, akaushinda, na mwezi wa nane mwaka huohuo akawa bingwa wa kwanza wa marathoni ya wanawake katika Olimpiki. Ni hadithi ya kweli na inainua moyo. Lakini goti lake lilikuwa na kitu kilichobana, kikaondolewa. Kano iliyochoka haina cha kuondoa. Hadithi ninayomtumia mgonjwa mimi ni ya David Rudisha. Mwaka 2012 aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London, dakika 1 na sekunde 40.91. Mwaka uliofuata goti likamweka nje ya mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2014 alirudi, akapata medali ya fedha kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow. Dhahabu ya dunia ilimrudia mwaka 2015, na ya Olimpiki mwaka 2016. Kati ya jeraha na dhahabu kuna mwaka ule wa fedha, ambao karibu hakuna anayeukumbuka. Mimi ndio ninaoupenda.

Niko wiki ya 14 sasa. Dakika za kutembea zilikwisha wiki ya 11, zikipungua moja moja. Ngazi sijaiacha, nimeipunguza iwe mara 3 kwa wiki, na begi bado lina vitabu. Jana nilikuwa na dakika 30. Zilitimia nikiwa kwenye mteremko mpole, upepo ukinisukuma mgongoni, na pumzi ikitaka zaidi. Nikazima saa, nikatembea mpaka nyumbani. Leo asubuhi, hatua 10 kutoka kitandani: namba 1, kama juzi. Kesho ni dakika 32.